Jasho la chungu

Alikuja Jumamosi asubuhi kabla sijamaliza kufagia uwanja, chungu changu kikiwa ndani ya kiroba cha unga.

Ni mama wa makamo, anakaa Kinyerezi, na alikuwa amenunua vyungu vitatu vya maua kwangu mwanzoni mwa mwaka. Nikamwamkia, akaitikia, akakataa kiti, akakaa kwenye ngazi ya baraza. Akakivua kile kiroba taratibu kama mtu anayefungua bandeji. Halafu, bila maelezo, akakibana chungu katikati ya magoti, akashika ncha ya rangi iliyosimama karibu na kitako, akavuta.

Ukatoka ukanda mzima. Upana wa vidole viwili, urefu wa kiganja, bluu yangu ya bahari pamoja na nusu ya samaki niliyemchora jioni nzima. Upande wa nyuma ulikuwa na unga mweupe, kama ile chumvi inayobaki kwenye ngozi ukitoka kuogelea. Akaniwekea mkononi.

"Mwanangu, sikuja kudai hela," akasema. "Nimekuja ili uone."

Heri angedai hela.

Hela ningerudisha, nikanuna siku mbili, nikasahau. Ule ukanda niliutia kwenye droo ya cherehani, na kila nikifungua kutafuta sindano, yule nusu samaki ananitazama. Naandika haya ili nimalizane naye, ingawa sina hakika kama tutamalizana.

## Watuhumiwa

Kwanza niliilaumu rangi. Ilikuwa rangi ya maji, ile ya ukutani, ndoo iliyobaki kwa fundi aliyekuwa anamalizia nyumba ya jirani. Akaniuzia kwa bei ya chee, na mimi nikajiona mjanja. Sasa nikasema moyoni, hii ilichakachuliwa, hakuna cha bei ya chee kisicho na lake jambo.

Kisha nikamgeukia muuza vyungu. Siku hizi wanataka hela ya haraka, hawavichomi vikaiva. Hili lina ukweli wake kwa baadhi ya vyungu, na namna ya kujua ni kugonga kwa kifundo cha kidole: kilichoiva kinalia, sauti inabaki hewani kidogo, na kisichoiva kinajibu "bu" kama mlango wa kabati. Nikaenda kwake barabarani nikagonga vyungu kumi na tano mfululizo, mpaka yule kijana akaniuliza, "Dada yangu, unanunua au unapiga ngoma?"

Vyote vililia vizuri.

Nikabaki na yule mama mwenyewe. Labda anakiosha kwa sabuni ya unga. Labda anakisugua na steliwaya kama sufuria. Nilikaa na wazo hilo siku kadhaa kwa sababu lilikuwa tamu, halafu likaniaibisha.

Aliyebaki ni mimi. Na ukinibana niseme nilivyofanya kazi, nilifanya hivi: nilileta vyungu mchana, nikaviosha vumbi bombani, nikavifuta kwa kitambaa, jioni ileile nikapaka. Kwa macho vilikuwa vikavu.

## Msibani Muheza

Jibu nililipata mahali ambapo sikuwa nalitafuta. Tulikuwa msibani Muheza, na uani kulikuwa na mtungi umekalishwa juu ya mchanga, kata imefunikwa juu yake. Nikainama kuchota, na ili nisiyumbe nikaegemeza kiganja tumboni mwa mtungi.

Kikalowa.

Nimekunywa maji ya mtungi tangu sijajua kusoma. Najua kwa nini yanapoa: maji yanapenya ukuta wa udongo, yanatokeza nje, upepo unayachukua, nayo yakiondoka yanaondoka na joto. Hayo niliyajibu kwenye mtihani wa sayansi na nikapata vema. Na kupaka rangi vyungu najua. Elimu hizi mbili zilikuwa zimekaa kichwani mwangu miaka yote kama wapangaji wa nyumba moja wasioamkiana.

Chungu cha maua ni mtungi uliotobolewa kitako. Basi.

Udongo unaochomwa kwa moto wa wazi, kuni na nyasi na magome, kwa kawaida hauvuki nyuzi 900 hivi. Moto huo unatosha kuufanya udongo usirudi tena kuwa tope, lakini hautoshi kuyeyusha chembe zake zikashikana kama kioo. Kwa hiyo ukuta unabaki na vinjia visivyoonekana. Ukimwagilia mmea, maji hayaishii kwenye mizizi na tundu la chini. Mengine yanaingia ukutani na kusafiri kuelekea nje, kuelekea upande wa jua.

Na hayasafiri peke yake. Yamebeba chumvi ya mbolea, na kwetu huku yamebeba chumvi ya kisima. Anayekaa mtaa wa maji ya kisima Dar es Salaam hahitaji kuelezwa, sabuni yenyewe inagoma kutoa povu. Maji yakifika kwenye uso wa chungu yanapaa, chumvi inabaki, na ndio ule ukungu mweupe tunaouona kwenye vyungu vya zamani. Kwenye chungu kitupu, kisichopakwa kitu, unaupiga brashi, au unaupangusa kwa siki iliyochanganywa na maji, unaondoka. Lakini mimi nilikuwa nimeweka ngozi ya rangi mbele yake. Maji yamefika, hayana pa kutokea, yanatuna nyuma ya rangi. Chumvi nayo inaganda palepale, punje juu ya punje, ikitafuta nafasi.

Yule samaki alisukumwa kutoka ndani.

Nikarudi Dar na basi la usiku nikijiona nimegundua kitu kikubwa. Sikujua kwamba kujua ugonjwa na kupata dawa ni safari mbili tofauti.

## Ushauri wa kaunta

Ukitaka maoni mengi kwa mpigo, nenda duka la vifaa vya ujenzi siku ya Jumamosi, uliza namna ya kuzuia maji yasipenye. Kila aliyesimama pale ana jibu, hata aliyefuata misumari.

Mwenye duka alisema vanishi ya mbao, mikono miwili. Fundi mmoja aliyekuwa anasubiri chenji akasema vanishi ni upuuzi, piga niru ya saruji ndani. Mwingine akasema lami, ile wanayopaka kwenye zege la paa, chungu hakitavuja mpaka Kiyama. Wakabishana wao kwa wao, mimi nikawa msikilizaji.

Nilichukua vanishi, kwa sababu lami inanuka na saruji inaongeza uzito. Safari hii nilifanya kwa adabu. Vyungu vilikaa juani wiki nzima, usiku naviingiza ndani. Nikapiga msasa laini, nikapangusa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, nikaviacha tena siku moja. Nikapaka vanishi kwa ndani, kuanzia mdomoni mpaka kitakoni, na kwenye kingo za lile tundu, maana hapo ndipo maji yanapojipenyeza kimyakimya. Mkono wa kwanza chungu kiliunywa wote, kikabaki kama hakijapakwa. Mkono wa pili kikaanza kung'aa. Siku mbili baadaye nikageukia nje: andakoti nyembamba, rangi nyembamba mara tatu, kila mkono ukisubiri uliotangulia ukauke, kisha vanishi ya juu.

Nikaziba tundu kwa muda na mfuniko wa chupa na nta, nikajaza maji, nikakiweka juu ya gazeti usiku kucha. Asubuhi gazeti kavu kabisa, unasoma mpaka matangazo madogo.

Nikapandisha bei kwa shilingi 3,000. Nikampelekea yule mama wa Kinyerezi kimoja bure, samaki wazima wawili. Alifurahi. Mimi nilifurahi zaidi.

## Harufu

Kwenye baraza yangu nilikuwa na mrehani. Ulikuwa kwenye chungu kikuukuu kisicho na rangi, chenye ukungu mweupe mpaka shingoni, nao ulikuwa umeshiba hadi unazuia mlango. Nikaona aibu: muuza vyungu vizuri, wake mwenyewe mchafu. Mfinyanzi hulia gaeni, sawa, lakini wateja wanapita hapohapo. Nikauhamishia kwenye chungu kipya, kimezibwa ndani, njano ya embe na mistari ya zambarau.

Ilikuwa mwezi wa nne, masika yamechachamaa.

Mrehani ulianza kuonyesha majani ya njano chini. Nikafikiri una kiu, nikaongeza maji. Majani yakalegea yote. Nikaongeza maji. Naona haya kuandika hivyo mara mbili, lakini ndivyo ilivyokuwa, na nadhani wengi wetu ndivyo tunavyoua mimea: mmea uliozama na mmea wenye kiu vinalegea kwa namna moja, na mkono wetu una dawa moja tu.

Siku nilipoung'oa, ulitoka bila ubishi. Mizizi ilikuwa ya kahawia, ukiibana inateleza gamba lake linabaki vidoleni. Na ile harufu. Sio ya mrehani. Ni ya mfereji wa mtaani siku ya tatu baada ya mvua.

Nilisimama pale na chungu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza, nikakumbuka kwamba nilikuwa nimeshauza kumi na vinne kama hicho.

## Vyungu viwili

Hapa ndipo ningependa kukuambia kwamba nilielewa papo hapo. Sikuelewa. Nilikuwa na hasira, na hasira inapenda jibu jepesi: kuziba ni kubaya, udongo lazima upumue, kwisha habari. Nilikaribia kuandika makala hiyo. Ingependwa sana.

Lakini mbona mimea inaota vizuri tu kwenye makopo ya rangi na ndoo za plastiki zilizopasuka mdomo? Plastiki haipumui hata chembe. Nusu ya bustani za Tabata zimo ndani ya ndoo.

Nikachukua vyungu viwili sawa, kimoja kitupu, kimoja kimezibwa. Udongo uleule, samadi ileile, vipande vya miti kutoka mrehani mmoja wa jirani. Nikavimwagilia siku moja, kikombe kimoja kimoja, nikaviacha chini ya bati mvua isivifikie. Kila asubuhi nilivinyanyua kwa mikono miwili kusikia uzito, kisha nikachomeka kidole mpaka kiungo cha pili.

Siku ya pili kile kitupu kilikuwa kimeanza kuwa chepesi. Siku ya tatu udongo wake haushikani. Kilichozibwa bado kilikuwa na uzito uleule mkononi, na kidole kilitoka na tope. Nikaendelea hivyo wiki kadhaa, kila kimoja nikakimwagilia kinapotaka chenyewe na sio ninapotaka mimi. Mirehani yote miwili ikaota. Ya kwenye chungu kilichozibwa ilikuwa na majani mapana kidogo, niseme kweli.

Kwa hiyo vanishi haikuua mrehani wangu. Niliuua mimi, kwa mazoea ya chungu kitupu.

Chungu kitupu kinamsamehe mtu mwenye mkono mzito. Unamwaga maji mengi, chenyewe kinayatoa jasho, kesho unamwaga tena. Ukikiziba, umekinyang'anya huruma hiyo, na hukumwambia anayekinunua.

Nilidhani basi dawa ni kadi. Nikaandika kwa mkono, nikafunga kwa uzi shingoni: "Nimezibwa ndani. Nimwagilie udongo ukikauka." Nikampigia yule mama wa Kinyerezi kumweleza asimwagilie kila siku.

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Sasa mwanangu, jioni nitafanya nini?"

Akanieleza. Watoto wameondoka, mzee alishatangulia mbele ya haki. Baada ya magharibi anatoka na jagi lake, anapita chungu baada ya chungu, anaongea nayo, anavunja jani lililokauka. Ndiyo saa yake. Mimi nilitaka kumpunguzia ziwe mara mbili kwa wiki, kwa ajili ya rangi.

Simu ilipokatika nilibaki nimeishika. Nilikuwa nimefikiria chungu, na mmea, na samaki wangu. Mtu mwenye jagi hakuwemo.

## Ukuta wa Unguja

Mwezi wa saba nilikwenda Unguja kwa shughuli ya familia, tukalala kwenye nyumba ya wageni Mji Mkongwe. Chumba changu kilikuwa cha chini, na ukuta uliokuwa mkabala na kitanda ulikuwa umepakwa rangi ya krimu ya plastiki, mpya. Kutoka sakafuni mpaka usawa wa kiuno ulikuwa na malengelenge. Usiku nilinyoosha mkono nikaminya moja. Likapasuka, unga mweupe ukamwagika kwenye kigae.

Nililala vibaya, si kwa sababu ya joto.

Asubuhi nikatembea nikitazama kuta kama mwendawazimu. Mji mzima ule umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Mawe yale yananyonya unyevu wa ardhini na chumvi ya bahari, nayo yanautoa kupitia chokaa. Palipopigwa plasta ya saruji na rangi ya plastiki, unyevu umekwama, na ukuta unajivua ngozi. Palipobaki chokaa, ukuta ni mchafu, una madoa ya kuvu na alama za maji, ila umeshikana.

Kwenye kichochoro nikamkuta mzee na vijana wawili wanatengeneza ukuta. Kwenye pipa kulikuwa na chokaa nyeupe nzito kama mtindi. Nikaamkia, nikauliza maswali ya kitoto, akanijibu bila kunitazama. Chokaa mbichi ikitiwa maji inachemka yenyewe, inarusha, usisogee. Ikishazimwa unaiacha kwenye maji, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika. Ya kupaka unaizimua mpaka iwe kama maziwa. Ukuta unaulowesha kwanza. Unapaka nyembamba, tena nyembamba.

Nikamuuliza kama itashika kwenye chungu cha maua.

"Mie vyungu sivijui," akasema. "Najua kuta."

Sikupata zaidi ya hapo, na nilimpenda kwa jibu hilo. Waliokuwa dukani siku ile wote walivijua vyungu.

## Maziwa

Nilinunua chokaa ya mfuko, nikailoweka kwenye ndoo yenye mfuniko wiki tatu. Vaa glavu na ukinge macho. Mimi sikuvaa glavu siku ya kwanza, na vidole vyangu vilipasuka kama nyayo za mvuvi.

Kupaka chokaa ni kazi ya imani. Unapitisha brashi, unaona kama umepaka maji machafu, chungu kinabaki chekundu vilevile. Unajiambia umekosea vipimo. Unaongeza nene, na hapo ndipo unapoharibu, kwa sababu chokaa nene inapasuka vipandevipande ikikauka. Ukiwa na subira, unakwenda kupika chai, unarudi, weupe umejitokeza wenyewe. Mikono minne hivi, kila mara unanyunyiza maji kwanza. Kivulini, sio juani, kwa sababu chokaa inahitaji muda na unyevunyevu ili ivute hewa na kurudi kuwa jiwe. Kuna rangi zinazokubali kuchanganywa: udongo mwekundu uliochekechwa, masizi kidogo, na ile bluu ya kufulia ambayo wazee walitia kwenye chokaa ya nyumba. Rangi zake zinatulia. Ile njano ya embe usahau.

Nikajaza udongo, nikapanda, nikamwagilia kila jioni makusudi, kama mtu wa Kinyerezi. Miezi miwili. Chungu kililowa kikabadilika kuwa kijivu, kikakauka kikarudi cheupe. Hakuna lengelenge. Chumvi inatoka kama kawaida, ila nyeupe juu ya nyeupe nani ataiona?

Kasoro ipo. Inaacha alama. Ukikiegemea na baibui unaondoka na mgongo mweupe. Mteja mmoja amekirudisha kwa hilo, na safari hii hela imedaiwa.

Katika hangaika hizi niliwafikiria sana akina mama wa Kikisi wa Ikombe, kule ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ambao vyungu vyao hupelekwa kwa mtumbwi mpaka soko la Lyulilo, Matema. Mapambo yao ni udongo juu ya udongo: unapakwa kabla ya moto, unaungua pamoja na chungu, unakuwa mwili mmoja nacho. Kina vinjia vilevile, kwa hiyo jasho linapita. Sisi wengine tunafika moto ukishazimwa, halafu tunataka rangi yetu ishike kama yao.

## Utapanda nini?

Siku hizi mtu akija namuuliza hilo kabla hajachagua. Wengine wanaona nawachelewesha.

Akisema alovera au mkonge wa ndani, au mmea wowote usiopenda miguu yake ilowe, simuuzii kilichozibwa. Nampa kitupu, nimepaka mdomo tu kwa nje, ukanda wa vidole vinne, ambao maji hayaufikii sana kwa sababu udongo unaishia chini yake. Ni kapambo kadogo lakini kanadumu. Anayetaka samaki na rangi za kuwaka, namuuzia kilichozibwa ndani na nje pamoja na kopo la plastiki lenye matundu linalozama humo. Mmea unakaa kwenye kopo, chungu kinakuwa kanzu yake. Anayetaka kupanda nanaa au mrehani wa kula, simpakii rangi ya mafuta ndani kwa hela yoyote. Rangi hizo, hasa za njano na nyekundu, zimewahi kukutwa na madini ya risasi katika nchi nyingi, na mimi kopo langu sina namna ya kulipima.

Na wapo wasiojua watapanda nini. Hawa ndio wengi, na kwa hawa bado napapasa. Nawauliza wana mkono mwepesi au mzito. Wanacheka.

Yule mama nilimpelekea vya chokaa vitatu, nimetia bluu ya kufulia, bila samaki. Akavizunguka. Akakigusa kimoja, akatazama kidole.

"Kinatoa unga."

"Ndiyo mama."

"Na samaki?"

"Samaki hawashiki, mama."

Akavipokea. Lakini nilipokuwa natoka nikaona kile chungu cha kwanza, kilichobabuka, bado kipo ukutani, kimebeba asumini inayopanda mpaka dirishani. Alikuwa amekibandua rangi yote kwa kisu, akabakiza samaki mmoja upande wa kivuli, ambaye hakuguswa.

## Dhahabu

Wiki iliyopita nimepata oda kubwa kuliko zote. Vyungu arobaini, vya ukumbi wa harusi, rangi ya dhahabu.

Nikamuuliza mama wa bibi harusi, kwa mazoea, atapanda nini.

"Kupanda?" akasema. "Maua ya plastiki hayo, mwanangu. Chini tunatia mchanga yasianguke."

Nikapaka rangi ya mafuta, mikono mitatu, ndani na nje. Jana alipita kuvikagua, akageuza kimoja chini juu, akaingiza kidole kwenye tundu la kitako. Akaniomba nizibe na hilo, mchanga usije ukamwagika kwenye zulia la ukumbi.

Nikachukua saruji nikaziba, matundu arobaini, na vikapendeza.